Kayaki ya Ovide

Mume wangu,

Mchuzi wa bamia na kamba uko jikoni. Usiongeze pilipili! Dawa umeze ukishakula. Ndizi nazo zimalize leo, kesho zisije zikaingia chomboni zikakufukuzia samaki, kama mnavyoamini nyie wavuvi, maana najua utanilaumu mimi.

Nimerudi dukani. Asubuhi muuzaji alipokuonyesha kayaki ya pedeli, mtumbwi wa kukanyaga kwa miguu, ulifoka, “Baiskeli wape watoto!” ukatoka, ukaniacha nimesimama pale kama mwizi. Sikukasirika. Haya, nilikasirika. Lakini nilikuona ukiuficha ule mkono mfukoni. Tangu kiharusi haushiki kasia, na kupelekwa na mtu kwenye kinamasi ulichozaliwa kando yake hutaki. Ukiiendesha kayaki kwa miguu, mkono mzima unabaki na mshipi wako wa kuvulia.

~~Naleta ile ya rafadha.~~ Hapana, nyasi za kinamasi zitalizonga panga lake linalozunguka hata hujafika mbali. Naleta yenye mapezi yanayopiga maji ukikanyaga pedeli, yanajilaza bapa chini ya chombo maji yakipungua.

Mkono umegoma, Ovide, sawa. Lakini miguu iliyonizungusha dansini kila Jumamosi mpaka soli zangu zikaisha, hiyo naijua. Haijagoma.

Mkeo