Mfumo Umekuchagua

Jumatatu, 3 Juni

Siku gani hii! Mwandiko umepinda kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Niandike kwa mpangilio nisije nikasahau.

Ndege ya saa nne asubuhi. Viti sabini, tiketi tumeuza sabini na nne. Ndiyo kawaida yetu – kampuni inauza zaidi kwa sababu kila siku wapo wasiotokea. Leo wametokea wote. Kwa hiyo wanne wabaki. Sheria inasema tutangaze kwa kipaza sauti, tuombe wa kujitolea, tuwape fidia. Meneja hataki hata kusikia. Anasema ukitangaza umefungua soko. Basi tunafanya tunavyofanya siku zote: nachukua penseli, naweka nukta kando ya jina la mpole.

Mpole ana dalili zake. Yuko peke yake. Anasema samahani kabla hajakosea. Kitambulisho anakitoa kwa mikono miwili. Mwenye suti simgusi, mwenye watoto wanaolia simgusi, mwenye simu mbili ndiyo kabisa. Miaka minane kaunta sijawahi kukosea. Wenzangu wanasema nina jicho.

Leo jicho limeniumbua.

Wa nne alikuwa mzee mmoja, kofia mkononi, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa kunong'ona. Nukta. Nikamwambia yale maneno yetu: samahani sana mzee wangu, ndege imejaa, mfumo umekuchagua ubaki mpaka kesho. Nikamsogezea kuponi ya chai.

Akauliza, bado ananong'ona, huyo Mfumo yuko wapi, angependa kumsalimia. Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba dada yake, pacha wake, amefanyiwa upasuaji wa macho. Miaka tisa haoni. Kesho asubuhi bandeji inatoka, na ameapa uso wa kwanza kuuona utakuwa wa kaka yake. Nikamwita meneja. Meneja naye wimbo ule ule – mfumo.

Basi mzee akakohoa, akavaa kofia, akaugeukia ukumbi. Na ile sauti ikatoka.

"Wasikilizaji popote mlipo, tuko kaunta namba mbili! Mpira anao dada wa kaunta, anampasia meneja, meneja hataki kukaa nao, anamrudishia Mfumo – na Mfumo haonekani uwanjani!"

Mungu wangu. Tarumbeta! Yule mtangazaji wa mpira wa redio, aliyestaafu, sauti niliyokulia nayo kila Jumapili! Wabeba mizigo wakaacha mikokoteni. Simu zikainuka. Alitangaza dakika sita nzima bila kumtukana mtu, watu wanacheka huku wamekasirika. Ndege ikaondoka bila yeye. Kelele za "Mfumo yuko wapi?" hazikuisha mpaka natoka zamu.

Kumbe daktari wa koo alimwambia apumzishe sauti. Alikuwa anaitunza kwa ajili ya pacha wake. Mimi nikaona upole.

Jumanne, 4 Juni

Video imeenea kila mahali. Mdogo wangu ni msusi, na saluni kwao leo hakuna aliyezungumza jingine. Wateja wanamuuliza, yule dada wa kuponi si dada yako? Akasema hanijui. Ameniambia mwenyewe, anacheka mpaka anashika mbavu.

Mama hacheki. Ameitazama video mara tatu tangu jana usiku. Halafu akasema marehemu baba alikuwa akinyamazisha nyumba nzima huyu mtu akianza kutangaza, hata kikohozi ulitoka nacho nje. "Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu. Hukufundishwa?"

Na asubuhi sikuikuta sare yangu mlangoni. Miaka minane Mama ndiye anayeipiga pasi, na kola anaipiga mara mbili. Leo nimeenda kazini na mikunjo.

Habari mpya, redioni saa saba: daktari ametoa bandeji, haikuweza kungoja. Yule pacha akafumba macho! Amekataa kufumbua. Wauguzi wamebembeleza, daktari amefoka, wapi. Kasema anamngoja kaka yake.

Jumatano, 5 Juni

Kampuni imetoa tamko. Eti mzee alichelewa.

Uongo mtupu. Alikuwa wa tisa kwenye foleni. Nilimwona nikiwa bado nafungua kaunta. Jana walimnyima kiti kwa ajili ya ile video, na sasa wamemwambia watamrusha kesho, kiti cha mbele kabisa, ilimradi atie saini kwamba alichelewa. Kakataa! Kawaambia hajawahi kutangaza bao ambalo halikuingia.

Sasa watu wamechachamaa. Redio imefungua simu, na wanaopiga hawaishi. Muuguzi aliyekosa mtihani wake. Bwana harusi aliyefika kwenye harusi yake siku ya pili, wageni wameshamaliza chakula. Fundi saa aliyekosa kumzika shangazi yake aliyemlea. Wote waliambiwa mfumo. Wote walikuwa peke yao.

Fundi saa namkumbuka. Nilipompa kuponi aliniambia asante.

Sare bado ina mikunjo.

Alhamisi, 6 Juni

Sijapata kuona kitu kama hiki tangu nizaliwe!

Saa mbili asubuhi walianza kuingia, mmoja mmoja. Nikadhani abiria. Mama mwenye mkoba wa soko, vijana wa chuo, dereva wa teksi bado ana funguo mkononi, hata rubani mmoja aliyestaafu na sare yake ya zamani inayombana tumbo. Wakajipanga mbele ya kaunta zetu. Hakuna bango, hakuna kelele. Wakafumba macho!

Watu kama mia tatu wamesimama kimya, wamefumba. Polisi walikuja, wakazunguka, wakakosa kosa. Sheria gani inakataza kufumba macho? Abiria wa kweli walikuwa wanapita katikati yao kwa kunyata. Nilikuwa naita "anayefuata" na sauti yangu inanirudia kutoka darini.

Kisha Tarumbeta akaingia, akasimama katikati yao. Hakutangaza. Kanong'ona tu kwamba pacha wake anawasalimu, na kwamba kesho alfajiri anapanda basi. Saa ishirini barabarani, umri wa miaka sabini na moja. Meneja akaniambia niendelee na kazi. Nikaendelea – lakini jamani, moyo ulikuwa unanienda mbio kwa furaha! Kwa nini furaha? Wamekuja kunikasirikia mimi. Nilitamani kufumba na mimi.

Mdogo wangu anasema huyo pacha lazima anachungulia akienda msalani. Mama akamtupia mwiko.

Ijumaa, 7 Juni

Meneja kapita jioni: kila mtu asafishe droo, karatasi zote ziingie kwenye mashine ya kukatakata. Ukaguzi unakuja.

Droo yangu ina orodha za abiria. Kumi na tisa. Zina nukta zangu.

Nilizikunja nikaziweka kwenye kontena la chakula, chini ya kitambaa. Mlinzi wa getini akaniuliza leo nimebakisha nini. Nikamwambia kipande cha mkate. Roho ilikuwa juu juu mpaka nimefika nyumbani. Sijui nimezichukulia nini. Mwandiko ni wangu, atakayezisoma ataniona mimi, si meneja.

Jumamosi, 8 Juni

Amefika!

Mtangazaji kijana alikuwa wodini na kipaza sauti. Mtaa mzima uliongeza redio, unasikia sauti hiyo hiyo kutoka kila dirisha. Mlango ukafunguliwa. Hatua. Tarumbeta akasema, "Mimi hapa." Mama kanishika mkono kwa nguvu mpaka pete yake ikaniumiza.

Pacha akasema, "Umezeeka."

Jamani! Wodi iliangua kicheko, na mtaa nao. Tarumbeta alicheka, kisha tukamsikia analia, yule mwenye sauti ile analia kama mtu wa kawaida tu. Pacha akamwambia avue kofia amwone vizuri. Mama anafuta machozi kwa upande wa khanga, mdogo wangu naye kanyamaza kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Mama akasema anatamani kumwona huyo Mfumo, walau mara moja, amwulize ana mama au hana.

Nikamwambia. Sikupanga. "Mfumo ni mimi, Mama." Nikaenda kuleta kontena, nikamwonyesha nukta moja moja. Hii muuguzi. Hii fundi saa. Hii Tarumbeta. Akazishika karatasi mbali kidogo, maana miwani yake imevunjika mkono. Nilingoja anigombeze. Aliuliza tu, hawa wote walikuwa wanakusalimia? Nikasema ndiyo. Akazima redio.

Jumatatu, 10 Juni

Mamlaka ya usafiri wa anga itasikiliza malalamiko Jumatano, hadharani, redio zote zitakuwepo. Meneja ameniita ofisini, amenipa kiti, amenimiminia chai kwa mkono wake. Nikajua kuna jambo.

Anataka niwe shahidi wa kampuni. Kwa nini mimi? Kwa sababu uso wangu ni mpole, watanisadiki. Niseme mzee alichelewa, niseme majina yanatolewa na mfumo. Basi. Na ile nafasi ya msimamizi wa zamu ambayo nimeiomba mara nne, anaona sasa wakati wake umefika.

Nikasema ndiyo, bosi. Ilinitoka kabla sijafikiri. Miaka minane ya ndiyo, ulimi umeshazoea njia.

Msimamizi wa zamu! Ningekuwa na meza yangu. Nisingeshika penseli tena. Lakini penseli angeishika mwingine, si ndiyo?

Jumatano, 12 Juni

Naandika kwenye benchi, ukumbini wanaendelea. Haraka haraka.

Asubuhi nimekuta nguo mbili mlangoni. Sare imepigwa pasi, kola mara mbili. Na kando yake gauni langu la bluu, nalo limepigwa pasi. Mama alikuwa jikoni ananipa mgongo. Nimevaa gauni. Meneja aliponiona hapa mlangoni akakunja uso, akaniuliza sare iko wapi. Nikamwambia haijakauka. Kontena la chakula ninalo kwapani, hakulitazama mara mbili.

Nje wamejaa tangu alfajiri, wamefumba macho mpaka barabarani, magari yanapita polepole.

Kabla hajaingia, meneja kaniachia mkoba wake nimshikie. Yeye mwenyewe! Mpole hafungui vya watu.

Nimefungua.

Juu kabisa, orodha ya sisi watu watano wa kaunta. Kando ya jina langu kuna nukta. Ya penseli, ndogo, nadhifu, hata mimi nisingeiweka vizuri zaidi. Chini yake barua, imeshapigwa chapa, imebaki saini tu: kampuni imebaini kwamba mfanyakazi mmoja alikuwa akichagua abiria kwa utashi wake mwenyewe, kinyume cha utaratibu, na imemwachisha kazi kuanzia leo. Leo! Yaani nikishawatetea humo ndani, nikitoka sina kazi. Nimeisoma mara mbili. Mkuki kwa nguruwe. Nimecheka peke yangu kwenye benchi, karani wa mlangoni kanitazama kama mwenda wazimu.

Na hapo Tarumbeta akaja kukaa benchi hili hili, hakuna jingine. Kanitambua bila ya sare. Nikamwamkia. Marahaba, kwa kunong'ona. Nikamuuliza hali ya pacha. Anasema tangu dada afumbue macho yeye mwenyewe hana amani, dada anaona kila kitu, amelalamikia mapazia, amelalamikia viatu vyake. Anasema hayo huku anatabasamu.

Nikamwambia, mzee, nisamehe. Kaingiza mkono mfukoni, katoa pipi ya koo, kanipa. Humo ndani kuna feni kubwa, anasema, ukisema chini hawatakusikia.

Pipi ni kali, imenitoa machozi.

Mlango umefunguliwa. Meneja huyo anatoka, ananyoosha mkono apewe mkoba wake. Karani anasoma jina langu. Anasoma tena. Barua na orodha yake nimezitia kwenye kontena pamoja na zile kumi na tisa, kifuniko hakifungi vizuri, nimekibana kwa kiwiko. Naandika nimesimama. Nitaamkia kwanza, ndivyo nilivyolelewa. Kisha nitawaambia wote, mpaka walio nyuma ya feni, mnamtafuta Mfumo tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, basi –