Kwako Mama Maharage, Mwalimu wa Walimu

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuache asubuhi ile, chaki ikiwa bado mfukoni mwa gauni lako.

Walimu uliowafunda namna ya kufundisha jenetiki walikuita Mama Maharage, nawe ukaitika. Kila semina ilianza na bahasha mbili za maharage mekundu na meupe, moja ya baba, moja ya mama. Mwalimu mzima na kitambi chake anafumba macho, anachomoa punje huku na punje huku, anaziweka pamoja: mtoto kapatikana. "Usichague!" ulimkemea. "Kwani wewe pua hiyo ulichagua?" Watu wakavunjika mbavu. Hata nyumbani Baba alikuta maharage yamepangwa kwa rangi kabatini, asithubutu kuyapika.

Kicheko kiliisha ulipofika kwenye kanuni yako: familia ya mwanafunzi haiingii ubaoni, mifano iishie kwenye maharage. Mimi mwanao, mwalimu wa biolojia, niliona unatia chumvi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Binti wa kisa hiki na wazazi wake wameturidhia tuandike haya. Niliwaambia wanafunzi waulize nyumbani makundi ya damu ya wazazi, kisha nikawapima wao kwa dawa ya kupimia damu iliyokuwa kabatini mwa maabara ya shule. Binti mmoja akatoka O, na baba yake ni AB. Nilikuwa nimeshaandika ubaoni kwamba AB hazai O. Akasimama. "Mwalimu, sasa mimi wa nani?" Darasa likacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikasema tutaendelea kesho.

Kesho yake baba yake, fundi cherehani, aliingia ofisi ya walimu amemshika binti mkono. "Mke wangu nimeshampeleka kwao," akasema. "Na huyu naye afungashe?" Hakupaza sauti. Afadhali angepiga kelele.

Nilikupigia simu nikilia. Miguu ilikuwa imekuvimba, daktari amekukataza kutoka. Ulikuja, ukawakuta bado ofisini.

"Pole, baba," ulimwambia. "Mtoto haendi popote kabla hatujapima upya." Ukanigeukia. "Dawa hii muda wake umeisha lini?" Sikuwa nimetazama. Ulikisoma kichupa, ukakiweka mezani mbele ya wote. Miaka miwili iliyopita.

Hospitali tulikaa benchi moja, wanne. Fundi alitazama mlango wa maabara, binti akamtazama baba yake. Mwisho karatasi zikatoka: baba AB kweli, binti A. Damu zao hazikugombana hata kidogo. Yule baba alifunika uso kwa mikono miwili akalia mbele za watu. Alimfuata mkewe siku ileile. Mke alikaa kwao wiki tatu kwanza, na nani wa kumlaumu?

Njiani nilianza kumshukuru Mungu. Ukanikatiza. "Na ingekuwa O kweli, ungefanyaje?" Sina jibu mpaka leo.

Uliendesha semina moja tu baada ya hapo. Ulikisimulia kisa hicho nami nimekaa nyuma, nikingoja unitaje. Ulisema tu "mwalimu mmoja", ukaendelea. Wiki hiyohiyo ukaondoka, kabla sijakuomba radhi. Nisamehe, Mama. Niliona haya, nikadhani muda upo.

Sasa semina ninaendesha mimi. Mwezi uliopita nilipofika kwa "mwalimu mmoja", mama mmoja wa mstari wa mbele akadakia: "Mwalimu gani hovyo hivyo! Yuko wapi siku hizi?" Walimu arobaini wakasubiri jibu.

"Ndiye huyu anayewafundisha," nikasema.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye bado hajapika maharage. Dada yako mkubwa. Mdogo wangu wa kiume na mkewe, uliyemwita mke mwenzako kwa utani. Wajukuu zako watatu. Walimu wote uliowafunda. Na mimi, kifungua mimba wako.

Tutakukumbuka siku zote tulizobakiza.