Swali la Nyongeza la Mama Elibariki

Jumatatu, 4 Mei. Same.

Upepo tangu asubuhi. Vumbi limeingia hadi kwenye droo. Barua za leo: mabati ya zahanati, tembo walioingia kwenye mahindi huko tambarare, mzee anayedai jirani kasogeza mpaka. Zote nimezijibu kwa maneno yaleyale. Mheshimiwa amelipokea suala lako na analifanyia kazi. Mheshimiwa yuko Dodoma kwenye Bunge la bajeti. Huku niko mimi, katibu wake, na muhuri.

Mchana kaja Mama Elibariki. Kashuka na gari la alfajiri kutoka Mhezi, kule mlimani, hadi Hedaru, kisha basi hadi hapa. Ni jirani yetu wa nyumbani. Yeye na marehemu mama walinywesha mashamba yao kwa mfereji mmoja. Nilimwamkia nikiwa nimeshasimama. Nilijua hakuja kwa mabati.

Elibariki alikuwa askari. Aliuawa mwaka jana nje ya nchi, kwenye ulinzi wa amani. Tulimzika Mhezi, bendera juu ya jeneza, mvua ikinyesha. Tuliambiwa walishambuliwa njiani. Mama habishi hilo. Anataka kujua kuhusu fulana ya kuzuia risasi. Akanisikilizisha ujumbe wa sauti uliomo kwenye simu yake. Elibariki anacheka: "Mama, bamba la kifuani limepasuka, nimelifunga na utepe. Usijali, linashika." Wiki moja baadaye akafa.

Sasa Elineema, kitinda mimba wake, naye ni askari. Mwisho wa mwezi huu anapelekwa kulekule.

"Waulizwe kama zile fulana bado wanazo. Hilo tu, mwanangu."

Kwa hilo sikuwa na barua ya kumjibu.

Jumanne, 5 Mei.

Nimempigia Mheshimiwa. Yumo kwenye kamati inayoangalia mambo ya ulinzi, manunuzi yakiwemo. Nilidhani ndiyo bahati yetu. Kumbe ndiyo kamba yenyewe. Yanayosemwa mle ndani hayatoki nje. Kasema suala la vifaa aliwahi kuligusa, na alichojibiwa hawezi kuniambia hata mimi. Wala yule mama.

Kwa hiyo njia iliyobaki ni kuuliza ukumbini, watu wote wakisikia. Akasema: "Andika. Unajua pa kuliweka."

Najua. Swali la msingi hupelekwa kwa maandishi, wizara inalipata mapema na kuandaa jibu lake taratibu. Swali la nyongeza huulizwa papo hapo, mbunge akiwa amesimama, na hakuna aliyeliona kabla. Ni kama tunavyokwenda nyumbani kwa mtu. Huanzi na shida. Unaulizia watoto, mifugo, mvua. Shida inakuja umeshakaa.

Nimeandika la msingi: Serikali ina utaratibu gani wa kuwahudumia wazazi wa askari wanaofia kwenye ulinzi wa amani? La nyongeza nimeliandika kwenye karatasi ya pembeni. Je, fulana zile zilikaguliwa kabla ya kupokelewa? Na je, wanaoondoka mwezi huu watavaa zilezile?

Ni maneno machache. Kuyapanga kulinichukua siku nzima.

Jumatatu, 11 Mei.

Swali limepangwa. Alhamisi ya wiki ijayo, asubuhi. Mheshimiwa kanionya mara mbili: la nyongeza tunalijua wawili tu. Nikamwambia mimi si mtoto.

Jumamosi, 16 Mei. Mhezi.

Nimepanda nyumbani. Msaragambo wa kuzibua mfereji, ukoo mzima na majirani, majembe na makoleo tangu ukungu haujainuka. Mama Elibariki naye alikuja, kwa umri wake ule. Amekonda. Hakuniuliza kitu. Alinipitishia maji ya kunywa, akarudi kuzoa tope.

Angeniuliza, ningemjibu lile la ofisini. Kwa kuwa hakuuliza, nikamwambia. Nilimvuta pembeni, nikasema Alhamisi, redioni, asikilize sehemu ya pili. Nikamsomea maneno yenyewe. Aliyarudia polepole mpaka yakamkaa.

Nikamwambia asimwambie mtu.

"Nimwambie nani, mwanangu?"

Nilijisikia mtu wa maana. Kwa muda mrefu sikuwa nimejisikia hivyo.

Jumapili, 17 Mei. Mhezi.

Nimefanya ujinga mkubwa.

Kanisani kwetu, mwenye hitaji huliandika kwenye kikaratasi na kukiweka kwenye kikapu mlangoni. Kabla ya maombi, mchungaji anavisoma vyote. Mgonjwa wa fulani, mtihani wa fulani, safari ya fulani. Leo akafungua kimoja, akasogea karibu na kipaza sauti. Mama Elibariki anaomba tumwombee Mheshimiwa, Alhamisi atakaposimama bungeni na kuuliza kama fulana za kuzuia risasi zilikaguliwa, na kama wanaoondoka watavaa zilezile.

Neno kwa neno.

Hajavunja ahadi. Kwake yeye, kumwambia Mungu si kumwambia mtu. Sisi huku tumelelewa hivyo, na mimi nimelelewa hivyohivyo, nilipaswa kulijua kabla hajaniahidi. Kanisa zima likaitikia amina nzito. Wazee wengine walilia. Nje kwenye mnada wa sadaka, jogoo na mikungu ya ndizi ikinadiwa, watu walikuja kunishika mkono mmoja mmoja.

Jioni limeshafika kwenye kundi la WhatsApp la wana-Mhezi walioko mijini. Mbunge wetu anakwenda kuibana wizara, tumwombee, na chini yake swali lote. Kundi lile lina watu kila ofisi ya serikali. Ndiyo fahari yetu, huwa tunajisifia. Nikaandika: tafadhali futeni. Aliyeandika akashangaa. Anasema alikuwa anatupongeza.

Nimeshindwa kula.

Jumatatu, 18 Mei. Same.

Kimya. Nimefungua barua, nimegonga muhuri. Mchana nimenunua perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, nikampa mlinzi wote.

Jumatano, 20 Mei.

Mheshimiwa kapiga saa nne asubuhi. Ameitwa. Hakusema na nani, nami sikuuliza. Kaambiwa jambo lile liko mikononi mwa kamati, na mjumbe wa kamati akilipeleka ukumbini ni sawa na kutoa siri za kamati. Hatabaki kuwa mjumbe. Mezani pao walikuwa na swali letu la nyongeza, limechapwa.

"Ulimwambia nani?"

Nikasema, mama mwenyewe.

Hakufoka. Ningependa angefoka. Alisema akibaki kwenye kamati, huenda siku moja akapata jibu na kulibana jambo kimyakimya. Akitolewa, chumba kile hakitakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kusikia jina la Elibariki. Huenda anasema kweli. Huenda anaogopa. Vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na mimi namjua.

Nilimwuliza, kwa hiyo kesho? Akasema, kesho tutaona.

Mbunge akishasema tutaona, ameshaona. Hiyo ni kazi yangu, naijua lugha yake.

Alhamisi, 21 Mei.

Redio ya ofisini. Swali la msingi likaulizwa vizuri. Jibu likaja la pole na la heshima: utaratibu upo, familia zinahudumiwa, Serikali inathamini. Kisha sauti ya Mheshimiwa. Anashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali, ana swali moja la nyongeza.

Nikasimama.

Ni lini viongozi watazitembelea familia hizo? Hilo ndilo lililoulizwa. Akajibiwa kwamba baada ya Bunge la bajeti. Wakahamia swali la barabara.

Mama Elibariki hakupiga simu.

Ijumaa, 22 Mei.

Hakupiga. Nami sikupiga. Mimi ni mwoga.

Jumamosi, 23 Mei. Mhezi.

Ukungu hadi mchana. Elineema yuko nyumbani kwa likizo fupi, viatu vyake vya jeshi vimepigwa rangi na kuwekwa barazani. Alinipa shikamoo, akajitafutia kazi ya kukata majani ya mbuzi. Hakutaka kusikia.

Mama alikuwa jikoni. Alhamisi ile aliita majirani waje kusikiliza redio kwake, akawapikia makande. Walisikiliza mpaka maswali yote yakaisha, wakidhani labda litarudi. Ananisimulia hayo bila lawama. Kisha akaniuliza:

"Muda ulikwisha, eh?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Ningepita tu. Ndiyo mama, muda ulikwisha. Ningekuwa nimesema uongo mdogo kuliko ninaouandika kila siku kwenye barua.

Nikamwambia ukweli. Kwamba swali lilijulikana kabla. Kwamba lilitoka kanisani, kwenye kile kikaratasi.

Njia nzima ya kupanda nilijiambia anastahili kuujua. Si hivyo. Nilichoka kuwa mkosaji peke yangu. Nilitaka mtu wa kugawana naye mzigo, na nikampa mwenye mzigo tayari.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Nikamwambia hapana, ni mimi niliyekusimulia. Kama hakunisikia. "Ni mimi." Akafunika makaa kwa majivu, akatoka nje.

Elineema alinisindikiza hadi njiani. Alikuwa amesikia yote. "Kaka, usijali, huenda watatupa nyingine," akasema. Alisema kwa upole uleule wa kaka yake kwenye simu. Nilishindwa kumtazama.

Jumatano, 27 Mei. Same.

Elineema kapita ofisini kuniaga, anasubiri basi la Dar. Begi moja. Nikamwuliza kama mama kamsindikiza mpaka Hedaru. Hapana. Waliagana mlangoni. Hakumwombea? Nilitaka kuuliza hivyo, nikauliza kama amekula. Aliniomba nikipanda nimpitie mama, maana amekuwa kimya sana.

Mheshimiwa katuma ujumbe: anataka majina ya familia kwa ajili ya ile ziara. Nikamtumia.

Jumapili, 31 Mei. Mhezi.

Ibada ya kwanza. Nafasi ya Mama Elibariki, benchi la tatu upande wa akina mama, ilikuwa wazi. Jirani kaninong'oneza kuwa hata Jumapili iliyopita hakuja. Tangu nikiwa mdogo sijawahi kuiona nafasi ile bila mtu, hata baada ya maziko.

Mchungaji akasoma vikaratasi. Wagonjwa, kisha mitihani, kisha wasafiri. Nilisikiliza wasafiri wote mpaka akakunja cha mwisho. Elineema hakuwemo.

Nje mchungaji akaniuliza, mama yetu anaumwa? Nikasema haumwi. Akaniomba nimpelekee salamu za kanisa.

Nilimkuta shambani, Jumapili, mchana kweupe, kengele ya ibada ya pili ikilia pale chini. Anapalilia tangawizi. Waliokuwa wakipita njiani kwenda kanisani walimwona, wakatazama pembeni. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Kauliza kama Elineema alipata nafasi ya kukaa kwenye basi. Nikasema alipata, dirishani.

Salamu za kanisa sikuzitoa. Nilivua koti, nikachukua jembe jingine, nikashika mstari wa pembeni yake. Tulipalilia mpaka jua likashuka.