Taya Langu na Posa ya Kanazi

Jumanne, 2 Septemba 1975

Taya linalia tena. Ka! Nikipiga mwayo darasani watoto wananiiga. Na Jumapili naenda Kanazi kumposa Joviana! Baba yake, Mzee Karugendo, atatoa akamwani – kahawa kavu ya kutafuna – na mgeni asiyetafuna ameikataa nyumba. Naogopa, basi.

Jumatano, 3 Septemba

Kwa Bwana Privatus, mganga wa meno hapa mjini. Kaning'atisha karatasi ya kaboni aone meno yanapogusana, kasikitika. Meno ya juu na ya chini hayakutani sawasawa, ndiyo maana kiungo cha taya kinateseka. Eti hata mdomoni kuna mabwanyenye – magego mawili yaliyojiinua juu ya wenzao! Nikapiga makofi, mjinga mimi. Akayasaga. Sasa mdomo mzima ni kijiji cha ujamaa.

Ijumaa, 5 Septemba

Linalia bado. Na magego yanauma!

Nimeaga shuleni kwamba nina semina, nikapanda basi hadi Muleba kwa Sista Benigna, muuguzi. Kacheka, kanionyesha meno yake: yamepandana ovyo, taya kimya miaka hamsini. Anaona wengi wa hivyo, wazima kabisa. Kaniuliza kama nasaga meno usingizini. Nalala peke yangu, nitajuaje? Nile vilaini, nikande kwa maji moto, nipunguze hofu. Na magego? Hayo, mwalimu, hayarudi.

Nimelia ndani ya basi.

Jumapili, 7 Septemba

Naandika hapa hapa kwa Mzee Karugendo. Nilitafuna. Ka! Mzee naye akatafuna kwa fizi – hana jino hata moja – taya lake likalia kuliko langu! Privatus angesawazisha nini pale? Nikacheka. Taya likakwama wazi!

Mzee kakasirika. Namtaka binti yake, au nimekuja kumcheka? Mjomba Lwakatare, msemaji wetu, akataka kunijibia. Mzee kakataa, nijibu mwenyewe. Nikachana ukurasa: NAMTAKA JOVIANA. NISAMEHE, BABA.

Kaushika juu chini. Mjomba kajitolea kumsomea. Hataki! Cheti cha kisomo cha watu wazima anacho, kipo ukutani, nilikisaini mwenyewe ili darasa langu litimize idadi.

Sasa amekohoa. Anawasomea wageni: mwalimu anaomba radhi na anaongeza ng'ombe wawili. Vigelegele! Mjomba ananikodolea macho. Kalamu ninayo, lakini nikikanusha wataniuliza nani alimfaulisha –