Maelezo kwa Mwenye Duka

Itumbe, 12 Februari 2024

Dada Esnah,

Bwakire, umeamkaje? Natumaini kikohozi kimekuachilia huko Mosocho. Sisi ni wazima. Mguu wa Mama umepona na ameanza tena kuchuma majani chai. Tata naye ni mzima, ila bado hataki jina la binti yake litajwe hapa nyumbani wala simu yako ishikwe. Ndiyo maana barua hii nampa Job, anayekuja na gari lake huko kwenu Kisii kuchukua chakula cha kuku.

Siku hizi nauza dawa za mifugo katika agroveti ya Mama Nyamoita. Sikujua kompyuta ya hapa inatumia ile programu uliyoiandika ulipofanya kazi kwa Benard. Stima ikipotea, inajifunga, na hata ikirudi hatuwezi kuuza chochote mpaka Benard aje kuifungua na kulipwa.

Leo amekuja. Ni yeye yule aliyemwambia Tata mbele ya watu wa kanisa kwamba ulifukuzwa kazi kwa kuiba programu yake. Hakujisumbua hata kunitazama. Nilijificha nyuma ya magunia nikamsikia akimwambia Mama Nyamoita, "Mashine kama hii inataka mtu aliyesoma, si mtu wa dawa ya kupe." Akacheka, akaomba soda.

Nilimpelekea soda. Sikumtazama usoni, na haikuwa aibu.

Dada, unafanya nini juu ya mtu huyu?

Mdogo wako,
Nyanchera


Mosocho, 19 Februari 2024

Nyanchera mdogo wangu,

Buya mono, salama kabisa. Kikohozi kimeisha. Nafurahi kwamba Mama anatembea.

Unauliza nafanya nini. Nimeomba kazi kila ofisi ya kompyuta mjini, na kila mahali Benard amenitangulia na hadithi yake. Hakuna anayetaka programu kutoka kwa mwizi.

Lakini sikia. Ile kufuli niliiandika mimi, imlinde mwenye duka, mtu asichezee hesabu zake gizani. Mwenye duka anaweza kuifungua mwenyewe. Nilitaka tuwape wateja maelezo, Benard akakataa: "Mteja akijua, atatuitia nini?" Nilipong'ang'ania, akanifukuza, kisha akaenda kwa Tata.

Stima ikipotea tena, fanya hivi. Ingia kwenye seva kama msimamizi. Thibitisha kwa namba ya leseni. Weka nenosiri jipya. Basi.

Dada yako,
Esnah


Itumbe, 4 Machi 2024

Dada Esnah,

Habari za huko? Hapa mvua imeanza na sote tunaendelea vizuri.

Stima ilipotea Alhamisi. Nilisoma barua yako nikakwama kwenye mstari wa kwanza. Seva ni nini? Iko wapi? Nilizunguka hata nyuma ya meza nikiitafuta. Mama Nyamoita akaniambia, "Wacha, binti, utatuharibia," akampigia Benard. Alikuja akamkamua pesa kama ng'ombe.

Usikasirike nikikuambia ukweli. Umeandika kama mtu anayejiandikia mwenyewe. Nisaidie kama mtu asiyejua. Nibonyeze wapi? Nitaona nini nikibonyeza? Na nisipokiona?

Nataka siku moja Benard afike hapa akute tunauza.

Mdogo wako,
Nyanchera


Mosocho, 10 Machi 2024

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii imewakuta wazima. Mimi sijambo, ila maneno yako yaliniuma siku nzima, kwa sababu ni kweli. Miaka yote nimeandikia mashine, na mashine haiulizi seva iko wapi.

Ndani ya bahasha kuna karatasi. Nimeiita "Maelezo kwa Mwenye Duka". Inaanza hivi: "Usiogope. Tazama pembe ya juu ya kioo, upande wa kushoto. Kuna alama ndogo ya nyumba. Ibonyeze. Utaulizwa namba. Ni ile iliyo kwenye risiti uliyopewa ulipouziwa programu." Kila hatua nimeandika utakachokiona, na cha kufanya usipokiona.

Ukikwama hata kidogo niambie wapi. Nitaandika upya mpaka Benard akose kazi.

Dada yako,
Esnah


Itumbe, 2 Mei 2024

Dada Esnah,

Salamu nyingi kutoka kwa Mama, kwa siri.

Imefunguka. Nilifanya mimi, wateja wakiwa wamesimama hapo, na hata sikuona haya. Mama Nyamoita ametoa nakala akampelekea mwenzake wa Keroka, naye akampa mwingine. Wiki jana Benard alipita akauliza kama mashine haisumbui. Mama Nyamoita akamjibu, "Inasumbua wasiosoma." Nilicheka mpaka nikamwaga chumvi ya ng'ombe.

Alikwenda bila soda.

Mdogo wako,
Nyanchera


Mosocho, 17 Juni 2024

Nyanchera,

Hamjambo nyote? Mimi ni mzima, na nina habari.

Karatasi yetu imefika Marani, kwenye duka la dawa la mtu mmoja, Celestine. Yeye aliiweka kwenye mtandao, na kampuni moja ya nje ikaiona. Wameniomba niandike maelezo ya programu zao. Sasa nafanya kazi hapa chumbani kwangu, bila mkubwa. Ninaowaandikia ni watengenezaji wa programu, lakini kila sentensi naiandika nikikuona wewe ukitafuta seva nyuma ya meza.

Usifikiri nimemsahau Benard. Jioni naandika maelezo ya programu yake nyingine, ile ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Nayo nitayagawa bure.

Dada yako,
Esnah


Itumbe, 8 Julai 2024

Dada Esnah,

Natumaini u mzima. Kaa chini kwanza ndipo usome.

Benard alikuja nyumbani jana. Nilikuwa jikoni na Mama, tukasikia yote.

"Mzee, mwambie binti yako aache kuandika. Wateja hawaniiti tena."

Tata akamuuliza, "Anawauzia ile programu aliyoiba?"

"Hapana, programu ninayo ofisini. Shida ni hayo maelezo yake."

"Unayo ofisini."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa aliiba nini?"

Benard akaomba maji ya kunywa. Mama akasema tumeishiwa, na mtungi ulikuwa umejaa. Baada ya hapo alijaribu kueleza kwamba alisema vile kwa hasira, na Tata akamwonyesha njia.

Tata hakula jioni. Leo amesema nikuambie urudi nyumbani Sabato hii.

Mdogo wako,
Nyanchera


Mosocho, 11 Julai 2024

Nyanchera,

Msalimie Mama. Nashukuru kwa yale maji.

Mwambie Tata siji. Benard alikuwa mtu wa nje, lakini Tata alinilea, na hakuniuliza hata swali moja. Alinikana mbele ya watu wote. Kama ana neno, Mosocho si mbali.

Dada yako,
Esnah


Itumbe, 14 Julai 2024

Dada Esnah,

Naandika haraka, Job ananingoja.

Nilimsomea Tata barua yako yote, sikuruka neno. Jana kanisani, baada ya matangazo, alisimama akasema mbele ya wote kwamba binti yake hakuiba kitu, na kwamba yeye alikuwa mpumbavu. Benard alikuwa kwenye benchi lake la kila Sabato, la mbele. Nilimtazama usoni mpaka akainamisha kichwa.

Sasa Tata amevaa koti lake la Sabato na viatu vyeusi, na anapanda gari la Job. Barua hii ameibeba yeye mwenyewe, ataipitisha chini ya mlango kabla ya kubisha, na hajui nimeandika nini.

Dada, akibisha, usifungue haraka.

Mdogo wako,
Nyanchera