Mkuki wa Kuwindia

Nyarugusu, Jumanne, Novemba 1951

Basi sikuweza. Tangu toroli la mgodini limvunje mgongo, mbwa wangu Subira hujikokota kwa miguu ya mbele tu, na vidonda vyake vimeingia funza. Mke wangu humwosha bila kunung'unika, ila leo amesema, "Baba Tereza, mmalize mwenyewe. Ukimwacha, fisi watakusaidia."

Ni kweli, wanalia nyuma ya nyumba kila usiku.

Jioni nikachukua mkuki, nimbebe hadi porini watoto wasione.

Alipouona, masikio yakamsimama. Kwake mkuki ni kwenda kuwinda. Akajikokota akanipita, akanitangulia hadi njiani, akageuka kunitazama, mbona nachelewa.

Nimeurudisha ndani. Kesho nitachukua shoka. Shoka hajawahi kulifuata popote.