Maji Niliyokuwa Nikiongeza Kimya Kimya

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya soko.
Jumatatu, 15 Septemba.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa hapo kwako. Je, mgongo umepona? Mama alisema ulilala siku mbili bila kuinuka, nikakosa raha kabisa. Sisi huku afya tunayo, ila kwa siku kumi roho zetu zilikuwa juu, na sehemu ya lawama ni yangu. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine.

Ni habari ya lile gari jeupe ulilomwachia Mama. Bado anabebea wanafunzi wale sita. Tangu mwezi uliopita likawa gumu kuwaka asubuhi. Akizungusha ufunguo linakohoa, linatetemeka kama mtu mwenye homa, linatoa moshi mweupe, kisha linazima. Akirudia mara tatu nne linashika, na likishapata moto linatulia, huwezi kuamini ndilo lile lile.

Mara mbili wanafunzi walichelewa. Mwalimu mkuu akamwita Mama, akamwambia wakichelewa tena baada ya mapumziko mafupi, wazazi watatafutiwa gari jingine. Mama alirudi akakaa jikoni na mkoba begani, hakuuvua mpaka chai ikapoa. Unajua mwenyewe kwamba humu ndani hatuna kazi nyingine.

Alikuwa akilipeleka kwa fundi tunayemwita Mzee Pole, maana kila gari linaloingia gereji analiambia pole kabla hajamsalimu mwenye gari. Alibadilisha plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta. Safari ya pili akasafisha njia ya mafuta. Safari ya tatu, Jumamosi ya kufunga shule, nilikwenda naye. Akaliwasha, likanguruma vizuri kabisa. Akacheka.

"Mama, hili gari haliumwi. Linakuogopa wewe tu!"

Gereji nzima ikacheka. Mama naye akatabasamu, lakini niliona alivyoukaza mkono kwenye kitasa cha mlango.

Hapo ndipo nilipoanza kutoka jasho, Mjomba. Kutoka kwetu hadi gereji ni nusu saa. Siku zote gari lilifika likiwa na moto, fundi hajawahi kuliona likiwa baridi. Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Ulipoondoka uliniambia niangalie maji ya rejeta, yale ya kupoza injini, kila Jumapili, yakipungua niongeze. Sijakosa hata Jumapili moja. Miezi mitatu hii yamekuwa yakipungua kikombe kizima kila wiki, na chini ya gari hakuna hata tone. Mimi najaza, nafunga boneti, naingia ndani. Nilijiona nafanya kazi uliyonipa. Sikumwambia mtu.

Unanijua nilivyo. Hata darasani nilikuwa najua jibu na nakaa kimya mpaka kengele inalia. Mbele ya wale wanaume ulimi ukawa mzito. Mama alikuwa ameshaingia garini aondoke. Nikawaza wanafunzi sita barabarani na injini isiyo na maji.

"Fundi, maji," nikasema.

"Mpeni binti maji anywe, jua kali hili."

"Si ya kunywa. Ya rejeta. Yanapungua na hayavuji. Na gari linasumbua likiwa baridi tu, hapa huwa linafika limeshapata moto."

Kicheko kikakatika. Mzee Pole akamwambia Mama aliache gari lilale pale.

Tulirudi kwa daladala. Getini Mama akanigeukia. "Miezi mitatu unaona, umenyamaza? Huo mdomo unamtunzia nani?"

Jumapili asubuhi tulifika kabla gereji haijafunguliwa. Jioni iliyotangulia Mzee Pole alikuwa amefunga kwenye rejeta pampu ndogo yenye mshale wa kupimia, akaijaza upepo. Tulikuta mshale umeshuka karibu na sifuri, maana yake upepo ulikuwa umepenya mahali. Akachomoa plagi nne. Tatu zilikuwa kavu, moja imelowa. Akaniambia nizungushe ufunguo, na maji yakaruka kutoka kwenye tundu la plagi ile hadi kifuani kwake. Safari hii hakuna aliyecheka.

Ilikuwa gasketi, kile kizibo chembamba kinachokaa kati ya injini na kifuniko chake cha juu. Imetoboka kidogo, basi gari likilala maji yanapenya ndani, na asubuhi mafuta hayawezi kuwaka vizuri upande ule mpaka pakauke. Alisema wiki mbili zaidi na injini ingefia njiani, watoto wakiwa ndani. Mama akageuka akautazama ukuta.

Kifuniko kilipelekwa kusawazishwa, tukaahidiwa Jumanne, kikarudi Alhamisi. Mama alikuwa halali. Juzi Jumamosi nilishika taa wakati kinafungwa. Mzee Pole hukaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, na kila moja lazima msaidizi aitaje namba yake ili isirukwe. "Paza sauti, binti, chuma hakisikii minong'ono!" Nikapaza hadi ya kumi.

Leo alfajiri, siku ya kufungua shule, gari lilikuwa baridi kama jiwe. Mama alikaa kwenye usukani bila kugusa ufunguo. Nilisimama karibu na bomba la moshi, mikono nimeifumbata. Akazungusha. Likawaka mara moja, bila moshi, bila kutetemeka. Akalizima, akaliwasha tena, kisha akaondoka bila kuniaga. Wanafunzi wamefika kabla ya kengele.

Mzee Pole amesema niende nikajifunze kazi kwake. Nataka sana, Mjomba. Mama anasema gereji si mahali pa mtu anayemeza maneno. Tafadhali mwandikie.

Msalimie sana mkeo, mapacha, na mdogo wao Kibonge, mwambie aache kulala na viatu. Mungu awalinde na awape wepesi katika kila mnaloligusa.

Kabla ya kufunga bahasha nimemsomea Mama barua yote, pamoja na hapo nilipomsema. Amesikiliza hadi mwisho. Amesema niongeze salamu zake, na kwamba usichelewe kujibu, kwa sababu Mzee Pole anataka jibu Ijumaa.

Mpwa wako akupendaye daima.